Ununue prosesa sasa au usubiri inayokuja? Namna ya kukata shauri

Hakuna siku ambayo hakuna prosesa mpya njiani. Ukiuliza leo utaambiwa subiri miezi michache, na miezi hiyo ikiisha utakuta toleo jingine limeshaanza kusemwa. Kwa hiyo kuuliza kama kuna kitu bora kinakuja hakukusaidii, maana jibu ni ndiyo wakati wote. Uliza kinachokuja kitabadili nini kwenye kompyuta yako wewe, kitafika lini hasa, na utapoteza nini ukikisubiri.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Usiruke ya kwanza, kwa sababu wengi wanaosubiri prosesa hawana shida ya prosesa.

Hatua ya 1: Hakikisha prosesa ndiyo inayokukwamisha

Anza na kazi ile ile inayokuudhi, si programu ya majaribio. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, kisha nenda kwenye ukurasa wenye grafu. Iache wazi huku ukifanya kazi yako kama kawaida.

Hapa watu hudanganywa na tarakimu moja kubwa. Wanaona 15% na kusema prosesa imelala. Tarakimu hiyo ni wastani wa nyuzi zote, yaani foleni za kazi ambazo viini vya prosesa huziendesha kwa wakati mmoja. Prosesa ya viini 6 na nyuzi 12, ikiwa uzi mmoja umejaa pomoni na nyingine 11 zimekaa bure, itasoma kama 8% tu, na gemu nyingi hukwama namna hiyo hiyo: uzi mkuu mmoja umelemewa, wengine wanautazama. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya grafu na uchague ionyeshe kila uzi peke yake. Hata hivyo usitarajie kuona mstari mmoja umeganda juu, kwani Windows huihamisha kazi kutoka kiini kimoja hadi kingine kila mara.

Kwa gemu kuna kipimo cha uhakika zaidi. Tafuta sehemu nzito, kwa mfano mji wenye watu wengi, simama hapo hapo, na uandike idadi ya fremu kwa sekunde. Zima kwanza V-Sync (inayozifunga fremu kwenye kasi ya skrini) na kikomo kingine chochote cha fremu. Sasa shusha resolusheni kutoka 2560×1440 hadi 1280×720 bila kugusa kitu kingine, kisha rudi pale pale uliposimama. Fremu zikiruka juu sana, iliyolemewa ilikuwa kadi ya michoro, na prosesa mpya haitakupa chochote cha kuonekana. Zikibaki palepale, prosesa ndiyo iliyofika mwisho wake. Mtu anayecheza kwenye skrini ya 4K mara nyingi atajikuta kwenye kundi la kwanza, na nadhani ndiyo maana wengi hununua prosesa ghali kisha wakakosa cha kusimulia.

Kwa kazi za kuhariri video, kutengeneza picha za 3D au kukompaili programu, mambo ni rahisi zaidi: nyuzi zote zikikaa 100% kwa dakika nyingi, prosesa ndiyo inayongojwa. Kama ni diski inayofanya kazi kwa 100% huku prosesa ikicheza kwenye 20%, unahitaji SSD. Kama RAM imejaa, unahitaji RAM.

Kabla hujatoka kwenye hatua hii, kagua mambo mawili yasiyogharimu kitu. La kwanza ni kasi ya RAM. Vijiti vya DDR4 (aina ya RAM iliyotangulia DDR5) vilivyoandikwa 3200 mara nyingi hufanya kazi kwa 2133 au 2400 kwa sababu hakuna aliyewasha XMP, mpangilio wa kuiendesha RAM kwa kasi iliyoandikwa, kwenye BIOS, programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta, tangu kompyuta iundwe. Kijiti kimoja badala ya viwili nacho hupunguza kasi ya kusoma data kwa karibu nusu. La pili ni joto. Vumbi likiziba feni, au mafuta ya kupitishia joto yakikauka, prosesa hujipunguzia kasi ili isiungue. Ila usiogope kila nyuzijoto kubwa: Ryzen 7000 za AMD zenye herufi X mwishoni ziliundwa kufika 95 °C kwenye kazi nzito na kukaa hapo bila madhara.

Ukishafanya hayo na tatizo likaisha, funga ukurasa. Huna cha kusubiri.

Hatua ya 2: Angalia soketi uliyonayo

Soketi ni tundu la kwenye ubao mama ambamo prosesa huchomekwa, kwa hiyo prosesa hainunuliwi peke yake. Nyuma yake kuna ubao mama, na nyuma ya ubao kuna aina ya RAM. Ndiyo maana watu wawili wenye kompyuta zenye kasi sawa wanaweza kupewa majibu tofauti kabisa.

Uko kwenye AM4, soketi ya AMD? Hapa ushauri wangu ni mmoja na sina wasiwasi nao: usisubiri kizazi kijacho kabla hujaona soketi hiyo inaweza kukupa nini. AMD ilianza kuuza Ryzen za AM4 mwaka 2017 ikaendelea kuzitolea prosesa mpya kwa miaka mingi. Mtu mwenye Ryzen 5 1600 kwenye ubao wa B350 anaweza kuchomoa prosesa hiyo na kuweka Ryzen 7 5700X, bila kubadili ubao wala RAM, kama mtengenezaji wa ubao ametoa BIOS inayoitambua. Hiyo ni kuruka vizazi vitatu. Ryzen 7 5800X3D ya Aprili 2022, yenye MB 96 za kache ya L3 (kumbukumbu ya kasi iliyo ndani ya prosesa), bado inajimudu kwenye gemu mbele ya prosesa changa kuliko yenyewe, ingawa siku hizi kuipata mpya ni shida.

Utaratibu wake una mtego mmoja. Nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa ubao, tafuta orodha ya prosesa zinazokubaliwa, na uone toleo la BIOS lililoandikwa pembeni ya ile unayoitaka. Sasisha BIOS wakati prosesa ya zamani bado imo ndani na kompyuta inawaka. Ukianza kwa kuchomoa, skrini itabaki nyeusi na itakubidi uirudishe ya zamani ili uanze upya.

Uko kwenye LGA1700, yaani Intel Core ya kizazi cha 12, 13 au 14? Nawe una nafasi ya kupanda ndani ya soketi ile ile, hasa kama ulianza na Core i3 au i5 ya kizazi cha 12. Lakini Core i7 na i9 za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa na kasoro ya voltiji iliyozichakaza polepole hadi programu zikaanza kuanguka ovyo. Intel ilitoa marekebisho kupitia BIOS kuanzia Agosti 2024, na ikaongeza dhamana kwa miaka miwili. Marekebisho hayo huzuia uharibifu usitokee. Hayaponyi prosesa iliyokwisha kuharibika. Kwa hiyo i9-13900K iliyotumika, inayouzwa kwa bei ya kutupa na mtu asiyeweza kukuambia iliendeshwa na BIOS gani, ni mbuzi kwenye gunia.

Uko kwenye kitu cha zamani zaidi, tuseme Core ya kizazi cha 7 kurudi nyuma? Utabadili vyote vitatu: prosesa, ubao na RAM. Tena muda nao unakubana. Windows 10 iliacha kupewa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (kifaa cha usalama cha ndani ya kompyuta) pamoja na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft, ambayo kwa Intel huanzia kizazi cha 8 na kwa AMD huanzia takribani Ryzen 2000. Linux ni njia ya kukwepa hilo, na kwa kazi nyingi inatosha kabisa.

Wa kundi hili ndio hasa wanaopaswa kuuliza kuhusu uhai wa soketi. AM5 ilifika Septemba 2022, inatumia DDR5 peke yake, na AMD imeahidi hadharani kuiunga mkono hadi 2027 na zaidi. Hilo hubadili hesabu: unaweza kununua prosesa ya wastani leo, ukaitumia, kisha ukachomeka ya kizazi kijacho kwenye ubao ule ule. Yaani unanunua na kusubiri kwa wakati mmoja. Kwa upande wa Intel, LGA1851 ilikuja Oktoba 2024 na Core Ultra 200S, na mazoea ya kampuni hiyo ni kubadili soketi baada ya vizazi viwili au vitatu. Ukinunua huko, nunua prosesa ya kukutosha moja kwa moja.

Hatua ya 3: Pima uzito wa habari unayoisubiri

Habari za prosesa zijazo hazina uzito sawa. Zipange hivi.

Chini kabisa ni tetesi: namba zilizovuja, picha za skrini, mtu aliyeambiwa na mtu. Usipange pesa yako juu ya hizo. Juu yake ni kampuni yenyewe kutaja jina na mwaka, kama Intel ilivyosema kwamba Nova Lake ni ya 2026. Hiyo inakuambia kitu kipo kweli, lakini haikuambii modeli gani zitatangulia, kwa bei gani, wala ubao wa bei nafuu utafika lini. Juu zaidi ni tangazo rasmi lenye tarehe ya kuuzwa. Na kileleni ni vipimo vya watu huru walioinunua au kupewa kuipima, vikiwa na gemu na programu unazotumia wewe.

Hata tarehe rasmi huteleza. Ryzen 9000 zilitangazwa Juni 2024 na kupangiwa kuuzwa kuanzia tarehe 31 Julai. Wiki moja kabla ya siku hiyo AMD ikaahirisha ili kukagua ubora, zikaanza kuuzwa kwa mafungu tarehe 8 na 15 Agosti. Kuchelewa huko ni kudogo, lakini kama ulishauza kompyuta yako ya zamani, ulikaa mikono mitupu.

Kuhusu chati za siku ya uzinduzi, niseme tu: tazama kama mstari wa chini unaanzia sifuri, na tazama neno "hadi" kabla ya asilimia.

Kuna jambo moja wanaosubiri hulisahau. Siku ya uzinduzi si siku ya kila mtu. Kampuni hutanguliza prosesa za bei ya juu na bao za bei ya juu. Ryzen 7000 za Septemba 2022 zilikuja na bao za X670. Za B650 zikafuata Oktoba, na prosesa zisizo na herufi X, kama Ryzen 5 7600 ambayo huja na feni yake ndani ya boksi, zikafika Januari 2023. Core Ultra 200S nazo: zile zenye herufi K, za bei ya juu, zilitoka Oktoba 2024, na za kawaida pamoja na bao za B860 zikafuata Januari 2025. Kama bajeti yako ni ya wastani, chukua tarehe ya uzinduzi na uongeze miezi mitatu hadi minne. Hiyo ndiyo tarehe yako halisi ya kusubiri. Mara nyingi hesabu hii pekee hutosha kumfanya mtu aache kusubiri.

Hatua ya 4: Jiulize waliosubiri mara iliyopita walipata nini

Mwaka 2024 unafundisha kwa sababu ulikuwa na majibu yote kwa pamoja.

Aliyesubiri Ryzen 7 9700X kwa ajili ya gemu alikuta nyongeza ndogo tu juu ya 7700X, tena Ryzen 7 7800X3D iliyokuwa sokoni tangu Aprili 2023 ilikuwa bado mbele. Aliyesubiri Core Ultra 9 285K kwa ajili ya gemu alikuta jambo la ajabu zaidi: kwenye gemu nyingi ilishindwa na Core i9-14900K iliyoitangulia. Intel yenyewe ilikiri kwamba utendaji haukufikia matarajio ikatoa marekebisho baadaye. Kwa upande wa umeme na kazi za nyuzi nyingi prosesa hiyo ilikuwa nzuri, kwa hiyo mhariri wa video aliyeisubiri hakula hasara. Aliyesubiri Ryzen 7 9800X3D ya Novemba 2024 alipata alichokitaka, ila wengi walihangaika wiki kadhaa kuipata kwa sababu iliisha madukani.

Na yule aliyesubiri ili 7800X3D ishuke bei? Hapa ndipo wengi walipoumia. Badala ya kushuka, ilipanda, kwa sababu akiba yake ilikuwa inaisha na iliyoifuata ilikuwa haijafika. Ile kanuni kwamba mpya ikija ya zamani hushuka ni ya kweli kwa prosesa zilizojaa ghalani. Kwa ile inayogombaniwa, dirisha la bei nzuri mara nyingi hupita miezi kadhaa kabla ya mpya kuzinduliwa. Mpya zenyewe ndizo hushuka upesi zisipopokelewa vizuri: bei za Ryzen 7000 zilikatwa kabla hazijamaliza miezi mitatu.

Kwa hiyo ukisikia kizazi kinakuja, uliza kinabadili nini. Muundo mpya wa viini, kache kubwa zaidi, soketi mpya au aina mpya ya RAM ni mambo ya kusubiriwa. Megahezi mia mbili za ziada na jina jipya, kama ilivyokuwa kwa sehemu kubwa ya Core za kizazi cha 14, si ya kumkosesha mtu usingizi.

Hatua ya 5: Hesabu gharama ya kusubiri

Chukua kalamu. Tuseme kazi yako ni video, na kila siku unatoa faili mbili, kila moja dakika 40. Prosesa iliyopo sokoni leo, kwa mujibu wa vipimo vya programu unayotumia, ingezitoa kwa dakika 25. Unaokoa dakika 30 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi hizo ni saa 11 kwa mwezi. Ukisubiri miezi minne umetupa saa 44. Sasa tuseme inayokuja ina kasi zaidi kwa 15% kuliko ya leo: dakika 25 zinakuwa kama 22. Faida ya kusubiri ni dakika 6 kwa siku, yaani itakuchukua zaidi ya mwaka mmoja na nusu kurudisha zile saa 44. Weka tarakimu zako mwenyewe, lakini mara nyingi hesabu huelekea huko kwa mtu anayeishi kwa kompyuta yake. Kwake yeye ngojangoja huumiza matumbo kwelikweli.

Kwa anayecheza gemu tu hesabu ni laini zaidi. Kama mashine inakupa fremu 60 zisizoyumba na wewe umeridhika, kusubiri hakukugharimu kitu.

Halafu kuna vitu vingine kwenye kikapu. Mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda kwa kasi kwa sababu viwanda vya chipu za kumbukumbu vilielekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili bandia. Desemba mwaka huo Micron ikatangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya kuuzia watu wa kawaida. Mtu aliyekuwa akisubiri prosesa ipungue bei kidogo alijikuta DDR5 imemmeza akiba yote na zaidi. Kwa hiyo usifuatilie bei ya prosesa peke yake. Andika jumla ya vitu vitatu, prosesa, ubao na RAM, na uitazame jumla hiyo ikienda wapi. Mwenye DDR4 nzuri tayari kwenye AM4 au LGA1700 ana sababu nyingine ya kubaki hapo.

Hatua ya 6: Jiwekee tarehe na masharti

Mimi ningesubiri ikiwa mambo haya yote yapo kwa pamoja: kipimo cha hatua ya 1 kimeonyesha prosesa ndiyo kikwazo, soketi niliyonayo haina cha kunipa, tangazo rasmi lenye tarehe limetoka, na tarehe yangu halisi haizidi miezi mitatu, na kompyuta niliyonayo inaendelea kufanya kazi. Likikosekana la kwanza, singenunua prosesa; likikosekana jingine lolote, ningenunua kilichopo. Kompyuta iliyokufa haina mjadala: nunua.

Ukichagua kusubiri, andika mahali tarehe ya mwisho na prosesa utakayonunua siku hiyo kama mpya haijatoka, au imetoka na vipimo vikawa vya kawaida. Bila hilo la pili tarehe huwa inasogea yenyewe. Vilevile usiwe mnunuzi wa saa ya kwanza. Acha wiki mbili au tatu zipite ili kasoro za BIOS na za Windows zijitokeze. Mwaka 2023 baadhi ya Ryzen 7000X3D ziliungua kwenye bao zilizokuwa zikizipa voltiji ya SoC (sehemu ya prosesa inayowasiliana na RAM) kupita kiasi, hadi BIOS mpya zilipoiwekea kikomo cha volti 1.3.

Hatua ya 7: Siku ya kununua

Hakikisha ubao unaitambua prosesa ukiwa ndani ya boksi. Ubao uliotengenezwa kabla ya prosesa yako unaweza kuwa na BIOS ya zamani, hivyo chagua wenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa kuwamo.

Kwenye AM5, ukiwasha mara ya kwanza skrini inaweza kukaa nyeusi kwa dakika kadhaa huku feni zikizunguka. Ubao unaipima na kuizoea RAM. Usizime. Ikishawaka, sasisha BIOS, kisha washa EXPO (mfano wa XMP wa AMD) au XMP, na uiendeshe kompyuta kwa kazi nzito usiku kucha ungali ndani ya siku ambazo muuzaji anakubali kurudishiwa.